Taa ya ABS imewaka? Soma hapa kabla hujamwambia fundi aing'oe

"Fundi, hii kitu ing'oe tu, inanisumbua." Maneno hayo nayasikia sana kuanzia Oktoba, korosho zinapoanza kushuka kutoka Newala na Tandahimba na kila mwenye Noah, Hiace au pikapu kuukuu anataka gari lirudi barabarani siku hiyohiyo. Mmoja taa ya ABS, ule mfumo unaozuia magurudumu yasifunge (yasiache kuzunguka ghafla) ukikanyaga breki, imemwakia. Mwingine pedali inamtetemekea mguuni. Wa tatu ameambiwa na jirani kwamba ABS na njia zetu za mchanga havipatani. Nawaelewa wote. Ila magari mengi yanayoletwa kwangu ili yang'olewe ABS, ABS yenyewe ni nzima. Ugonjwa uko kwenye waya uliokatika, sensa iliyobanwa na kutu, au beringi iliyokwisha. Hivyo vinatengenezeka hapahapa Mtwara, na mara nyingi kwa hela ndogo kuliko ya kung'oa.

Tuelewane kwanza namna inavyofanya kazi. Kwa kawaida kila gurudumu lina ringi ya meno na sensa inayoyasoma meno hayo yakipita. Kompyuta inalinganisha magurudumu, na likitokea moja linataka kufunga wakati mengine bado yanazunguka, vali zilizo ndani ya kile kisanduku cha chuma chenye mabomba mengi (gerejini tunakiita pampu ya ABS) zinampunguzia presha huyo mmoja, kisha zinamrudishia, mara kadhaa ndani ya sekunde moja. Ndiyo ule mtetemo unaousikia mguuni. Bosch waliuingiza mfumo wa aina hii kwenye Mercedes-Benz S-Class mwaka 1978, na magari mengi ya Japani ya miaka ya 1990 na 2000 tunayoyaendesha huku yamekuja nao.

La kushika ni hili: kompyuta ikiona kasoro inajizima na kuwasha taa ya njano, na wewe unabaki na breki za kawaida. Taa ya njano peke yake inakupa muda wa kutafuta. Taa nyekundu ya breki haikupi muda huo.

DALILI YA KWANZA: Taa ya njano ya ABS haizimi, breki zinakamata vizuri

Hii ndiyo inayoleta watu wengi. Anza na vitu vya dakika tano. Angalia fyuzi za ABS, zile za kwenye boneti pamoja na zile za chini ya dashibodi. Pima betri: ikiwa imepumzika isome karibu volti 12.6, na injini ikiunguruma isome kati ya 13.8 na 14.4. Altaneta ikichoka, ABS inaweza kuwa ya kwanza kulalamika. Kagua pia matairi. Ukifunga tairi dogo la akiba, au mbele na nyuma saizi tofauti na zilizoandikwa kwenye mlango, kompyuta inaona gurudumu moja linakimbia kuliko wenzake.

Vyote vikiwa sawa, soma namba za hitilafu kabla hujafungua kitu. Mwenye mashine ya kusomea kompyuta ya gari apime kwa mashine. Kwenye Toyota nyingi za zamani huhitaji mashine. Zile za miaka ya 1990 zina kiboksi ndani ya boneti kilichoandikwa DIAGNOSTIC. Swichi ikiwa imezimwa, unganisha matundu yaliyoandikwa Tc na E1 kwa kipande cha waya. Kama yako ina kile kipini kidogo kinachounganisha Wa na Wb, kichomoe pia. Kwenye zenye soketi ya pini 16 chini ya usukani, unaunganisha pini ya 13 na ya 4. Hesabu pini mara mbili, maana ya 16 ni umeme wa betri moja kwa moja, na ukiigusa kwa bahati mbaya unaweza kuunguza kitu cha gharama. Kisha washa swichi bila kupiga injini, uitazame taa ya ABS. Ikimetameta bila kupumzika, haijaweka kumbukumbu ya hitilafu. Ikimeta mara tatu, ikapumzika, ikameta mara moja, hiyo ni 31.

Namba 31 ni sensa ya mbele kulia, 32 mbele kushoto, 33 nyuma kulia, 34 nyuma kushoto. Namba 11 na 12 zinahusu rilei (swichi ya umeme) ya vali, 13 na 14 rilei ya mota ya pampu. 41 ni umeme mdogo wa betri. 51 ni mota ya pampu yenyewe imekwama. Katika hizo zote, ni hiyo ya mwisho tu inayonyoosha kidole moja kwa moja kwenye pampu. Ndiyo maana namwambia mteja: tusome kwanza, tusikate mabomba kwa kubahatisha.

Kwa namba za 31 hadi 34, tafuta kwa mpangilio huu.

Waya. Ufuate kutoka kwenye sensa hadi unapoingia kwenye bodi. Hapo ndipo unapojikunja kila unapokata usukani, na ndipo unapokatika ndani ilhali ganda la nje linang'aa. Njia ya Liwale au Nachingwea nayo ikikurushia kijiti, kinaunasa waya na kuuvuta. Chomoa plagi yake uangalie kama kuna ukijani. Gari linalolala Shangani, Mikindani, Lindi mjini au Kilwa Masoko linavuta hewa ya chumvi usiku kucha, na ule ukijani kwenye pini za shaba unatosha kabisa kuwasha taa. Safisha kwa dawa ya kusafishia umeme, kausha, rudishia.

Sensa. Za zamani ni za sumaku na koili, na unaweza kuzipima kwa multimita: nyingi husoma kati ya omu 800 na 2,500. Usiing'ang'anie namba moja, linganisha kushoto na kulia. Zikitofautiana sana, au moja ikionyesha haina mwisho (yaani imekatika ndani), umeshampata. Tikisa waya huku unapima. Halafu weka mita kwenye AC na uzungushe gurudumu kwa mkono: voltaji ndogo inatakiwa ipande kadiri unavyoongeza kasi. Sensa za magari mapya zaidi zinatumia umeme kutoka kwenye kompyuta, na kipimo cha omu hakikuambii lolote. Hizo pima kwa mashine.

Kutu chini ya sensa. Sensa inakaa kwenye tundu la chuma. Kutu ikiota humo ndani inaisukuma sensa nje kidogo kidogo, na pengo kati yake na meno, ambalo kwa kawaida ni milimita 1 au pungufu yake, linapanuka mpaka isome hovyo. Ukitaka kuitoa, usiigonge nyundo. Mwagia mafuta ya kulegeza kutu jioni, uiache ilale, asubuhi izungushe taratibu. Ikivunjikia humo inakuwa kazi ya siku nzima. Piga msasa tundu, si sensa.

Ukimaliza, futa kumbukumbu. Kwa Toyota hizo, gari likiwa limesimama na Tc bado imeunganishwa, washa swichi na ukanyage breki mara nane au zaidi ndani ya sekunde tatu. Toa waya, washa, tembeza gari. Taa ikirudi mwanzoni mwa safari, tatizo lipo palepale. Ikirudi ukifika mashimo, rudi kwenye waya.

DALILI YA PILI: Breki "inaachia" na kukwaruza unapokaribia kusimama

Hii nayo ndiyo inayotisha watu, na wana haki ya kutishika. Unafika mzunguko wa barabara kwa mwendo wa taratibu, lami kavu, umekanyaga kidogo tu, ghafla pedali inakwaruza krrr na gari linasogea mita moja au mbili kuliko ulivyotaka. Taa wala haijawaka. Mteja wangu mmoja alikuja akiwa ameshagonga mkokoteni wa maji kwa namna hiyo. Alitaka ABS ing'olewe hapohapo, naye amesimama anatazama.

Kinachotokea ni kwamba ishara ya gurudumu moja inadhoofika mwendo ukishuka, kompyuta inadhani gurudumu limefunga, na inalipunguzia presha bure. Wa kwanza kushukiwa ni ringi ya meno. Kwenye magari mengi ya kuvuta mbele imebanwa juu ya kichwa cha drafshafti, ule mhimili unaozungusha gurudumu, upande wa gurudumu. Kutu ikiingia chini yake ringi inavimba, inapasuka, na penye ufa panaonekana kama jino limekosekana kila mzunguko. Inua gari, izungushe taratibu ukiwa na tochi, hesabu meno yote. Wengi wanabadilisha sensa mbili tatu kabla ya kuutazama ule ufa.

Wa pili ni beringi. Shika tairi juu na chini ulitikise. Likicheza, meno yanaisogelea na kuikimbia sensa kila mzunguko. Wa tatu ni uchafu wa chuma: sensa ya sumaku inakusanya unga wa diski na pedi mpaka inaota ndevu. Futa kwa kitambaa.

Ili kujua kama kweli ni ABS, toa fyuzi yake, endesha taratibu sehemu tupu, kanyaga. Kukwaruza kukiisha na breki zikakamata sawasawa, jibu unalo. Huko ndiko kuizima ABS kwa haki: kunarudishika ndani ya dakika moja na hakugusi bomba hata moja. Ukisubiri spea kutoka Dar es Salaam, kilomita zaidi ya 500 kutoka hapa, unaweza kuendesha hivyo kwa uangalifu, lakini soma kwanza dalili inayofuata.

Hapa simama: beringi ikicheza kiasi cha kuuona kwa macho, gari lisiende Masasi wala popote. Hilo si suala la ABS tena.

DALILI YA TATU: Taa ya njano na nyekundu zimewaka pamoja

Achia handbreki kwanza, kwa kweli kuna wanaoisahau. Kisha tazama kibuyu cha mafuta ya breki. Yakipungua, ama pedi zimekwisha ama yanavuja. Usijaze tu ukaondoka. Pita gurudumu moja moja ukitafuta unyevu ndani ya tairi na kwenye hozi.

Kama mafuta yapo na handbreki iko chini, taa mbili pamoja zinaweza kuwa na maana nzito zaidi. Magari mengi ya mwishoni mwa miaka ya 1990 na kuendelea hayana ile vali ya zamani ya kugawa presha kati ya mbele na nyuma. Kazi hiyo inafanywa na kisanduku chenyewe cha ABS, na inaitwa EBD. EBD ikizimika, magurudumu ya nyuma yanapata presha kubwa kuliko inavyofaa, yanaweza kufunga kabla ya mbele, na gari linageuza mkia. Kwa hiyo kwenye gari la aina hiyo, hata kutoa fyuzi kunakuondolea EBD.

Hapa simama: taa mbili zikiwaka na hujui sababu, endesha kwa mwendo wa miguu hadi kwa fundi wa breki, au vuta gari.

DALILI YA NNE: Pedali ni laini au inazama polepole

Mara nyingi ABS inasingiziwa. Tafuta uvujaji, tafuta upepo kwenye mabomba, kisha shuku masta silinda, ile inayosukuma mafuta ya breki ukikanyaga pedali. Umekanyaga na kushikilia, pedali inazama, na nje hakuna kilicholowa: mipira ya ndani ya masta imekwisha. Jambo moja linalotuponza mafundi ni kupiga pedali hadi chini wakati wa kutoa upepo kwenye gari kuukuu. Mipira inapita sehemu ambayo miaka yote haikufika, yenye kutu na uchafu, inachanika, na gari lililokuja na breki linaondoka bila breki. Weka kipande cha mbao chini ya pedali ili isifike mwisho.

Mafuta ya breki ni DOT 3 au DOT 4 kama kifuniko kinavyosema. Yanavuta unyevu wa hewani, na pwani yetu ina unyevu wa kutosha. DOT 3 mapya huchemka kwenye nyuzi 205 au zaidi, ila yakishashika maji yanaweza kuchemkia 140 tu. Mteremko wa Newala kuelekea Masasi, gari limebeba magunia, mguu haujatoka kwenye breki, nyuzi 140 si mbali. Badilisha kila miaka miwili. Usimwagie mafuta ya pawastelingi, ya injini wala ya haidroli: mipira inavimba, na kila chenye mpira kuanzia masta hadi kalipa kinakuwa cha kubadilisha.

Hapa simama: kama mabomba ya kisanduku cha ABS yalishafunguliwa na pedali imekataa kuwa ngumu, kuna upepo ndani ya vali. Baadhi ya magari yanahitaji mashine ya kuziendesha vali hizo wakati wa kutoa upepo. Kupiga pedali kutwa nzima hakutausukuma nje.

DALILI YA TANO: Pampu inaunguruma yenyewe

Kwenye gari la kawaida, pampu inayolia mfululizo hata swichi ikizimwa ni rilei iliyoshikana. Itoe, betri isiishe, ubadilishe.

Lakini kwenye Land Cruiser 100 na Prado 120 zenye busta ya haidroli, sikiliza vizuri: pampu hiyo ndiyo inayokupa nguvu ya breki. Inatunza mafuta kwenye chupa ya presha, na kulia kidogo baada ya kukanyaga mara kadhaa ni kawaida. Ikilia kila ukanyagapo, au kengele ikipiga, chupa au pampu inachoka. Gari hili haling'olewi ABS. Atakayekuambia anaweza, mnyang'anye funguo. Presha yake inapita bar 100. Bomba likifunguliwa nayo ikiwa ndani, mafuta yanaruka na kuumiza macho. Kabla ya kugusa, swichi inazimwa na pedali inakanyagwa mara 40 au zaidi hadi iwe nzito. Na hiyo ni kazi ya fundi anayeijua, si ya kujifunzia.

"INANISUMBUA KWENYE MCHANGA"

Anayesema hivi hasemi uongo. Kwenye changarawe na mchanga uliolegea, gurudumu lililofunga linajichimbia na kujikusanyia tuta mbele yake, na tuta hilo linasaidia kusimama. ABS inalizuia lisifanye hivyo, kwa hiyo gari linaweza kusimama mbali zaidi. Mtetemo unaousikia huko ni wa kawaida, wala si ugonjwa. Dawa ni kupunguza mwendo na kuacha nafasi.

Fikiria upande wa pili. Mvua za kwanza za Novemba zinapoilowesha lami ya Mingoyo yenye vumbi na mafuta ya miezi saba, bodaboda anakata mbele yako. Gurudumu la mbele likifunga, usukani hausikii. ABS ndiyo inayokuachia nafasi ya kumkwepa. Safari zako nyingi zina lami ndani yake, na kule kwenye lami ndiko mwendo unakokuwa mkubwa.

NA KAMA NI LAZIMA ING'OLEWE

Ipo siku kisanduku kimekufa kweli, gari ni la miaka mingi, na kisanduku cha kulifaa hakipatikani hata cha mtumba. Sawa. Lakini nilichokiona kwenye Noah moja iliyoshuka kutoka Newala sitaki kukiona tena. Aliyeitengeneza alikata mabomba, akaweka viungo vya T, akaunganisha kwa bomba la shaba la friji, akatoa balbu ya taa. Mvua ya kwanza, nyuma ikafunga, gari likageuka likatazama lilikotoka, na abiria ndani. Walitoka wazima kwa neema ya Mungu tu.

Swali la kwanza: je, modeli yako iliwahi kutengenezwa bila ABS? Kama iliwahi, njia ya haki ni kutafuta masta silinda, vali ya kugawa presha na mabomba ya gari hilohilo lisilo na ABS, na kuyafunga kama yalivyotoka kiwandani. Kama haikuwahi, au ina EBD, au ina mfumo wa kuzuia kuteleza, acha. Baadhi ya magari yanachukua hata kasi ya kwenye dashibodi kutoka kwa kompyuta ya ABS. Ukiing'oa, mshale unalala.

Mistari ya breki ni miwili, na magari mengi ya kuvuta mbele yanaigawa kimshazari: mbele kulia na nyuma kushoto, na kinyume chake. Ukiunganisha kwa kubahatisha, bomba moja likipasuka utabaki na breki za upande mmoja. Bomba liwe la chuma la breki au la mchanganyiko wa shaba na nikeli. Shaba tupu ya friji inachoka kwa mtetemo na kupasuka. Midomo ya bomba ikunjwe mara mbili kwa kifaa chake, iendane na nati zake. Ya Japani na ya Ulaya hazifanani. Kazi yote hii ni ya fundi wa breki. Kama hajui kukueleza vali ya kugawa presha inakaa wapi, mshukuru uondoke na gari lako.

Jaribio lifanyike uwanja mpana usio na mtu, kavu, mwendo wa kilomita 30 hadi 40 kwa saa, mwenzako akitazama magurudumu kutoka pembeni. Kanyaga kwa nguvu. Ya mbele yafunge kwanza. Ya nyuma yakitangulia, gari halijakamilika, hata kama jua linazama na mwenye gari anapiga simu. Baada ya wiki moja rudi ukaguse kila kiungo kwa kidole kikavu.

Balbu ya taa usiitoe kuficha. Andika kwenye kadi ya matengenezo kwamba ABS haipo, na atakayenunua aambiwe. Na kila atakayepewa funguo, awe deiwaka au mwanao mwenyewe, aambiwe kabla hajapiga injini: breki hizi zinafunga, ukiona lami imelowa kanyaga, achia, kanyaga tena.